Pistoni Wanayoiita ya Marwa

Ukienda leo kwenye duka lolote la spea za pikipiki Mugumu au Tarime, ukasema una ile nyekundu ya zamani ya Kijapani na injini imekufa, muuzaji hatakuuliza mengi. Atanyoosha mkono kwenye rafu ya pistoni za pikipiki za Kihindi, atakupa moja na kukwambia, "Chukua hii, katafute fundi akuwekee bushi. Inaitwa pistoni ya Marwa." Nimelisikia jina hilo miaka mingi, na kila nikilisikia roho inaniuma kama siku ya kwanza. Nasema mapema ili msije mkadhani naandika kwa mapenzi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mama Neema, msimamizi wa karakana yetu ya mradi wa mifugo hapa Mugumu, ameniomba niwaandikie nyie mafundi mnaobaki jinsi tulivyokuwa tunapata spea za bei nafuu za pikipiki ambazo kiwanda kilishaacha kuzitengeneza. Nitaandika. Mambo ya mishahara na vyeo nayaruka, kwa kuwa hayajawahi kufungua nati. Ila siwezi kuandika habari za spea bila kumwandika Marwa, na siwezi kumwandika Marwa nikajiacha mimi.

Nilifika karakana nikitokea Issenye, ambako nilikuwa natengeneza baiskeli. Nilikuta pikipiki nane zimepangwa ukutani, nyekundu za tangi la mviringo, mbili nzima na sita wagonjwa. Siku ya kwanza nilipewa debe la dizeli na brashi, nikaambiwa nioshe vyuma vilivyofunguliwa. Niliviosha, kisha kwa bidii ya mgeni nikatafuta msasa nikavipiga vikang'aa. Bearingi tatu nilizifuta namba zote. Fundi aliyekuwepo alizigeuzageuza mkononi, akaniuliza kama nilikuwa nataka kuzivaa sikioni. Tangu hapo nawaambia kila anayekuja: bearingi inanunuliwa kwa namba iliyochongwa ubavuni, siyo kwa jina la pikipiki. Ukiwa na namba, utaipata hata kwenye duka la mashine za kusaga, tena kwa bei ya chini.

Marwa aliajiriwa wiki hiyo hiyo. Yeye ni Mkurya wa upande wa Tarime, mrefu, mpole wa sauti, mtu ambaye hata mbwa wa mlinzi walikuwa hawambwekei. Mwezi wa pili tulitumwa wote wawili Tarime tukajifunze kwa Mzee Salumu. Baba yake Mzee Salumu alitoka Tanga akiwa fundi cherehani, yeye mwenyewe amezaliwa Tarime, na Kikurya alikuwa anakisema vizuri kuliko mimi. Mbele alikuwa na duka la spea, nyuma mashine ya kukereza vyuma. Ijumaa alifunga saa sita akaenda msikitini, na ole wako uwe umeacha mashine ina uchafu.

"Shikamoo Mzee," tulimwambia siku ya kwanza. "Tumetumwa na mradi, tunatafuta klachi plati za ile pikipiki ya..."

"Marahaba. Usiniambie jina la pikipiki," akanikatiza. "Jina ni la kiwanda. Nipe chuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na ikawa desturi yetu sote, toka Sirari hadi Nyambureti. Hukumpelekea Mzee Salumu maneno, wala barua. Ulimpelekea sampuli, yaani kile kifaa kibovu chenyewe. Ulikisafisha, ukakifunga, ukampa kondakta wa basi la Tarime. Mzee alikipima, akatafuta kwenye maboksi yake kinachofanana nacho, cha pikipiki yoyote ile, akarudisha vyote viwili kwenye mfuko mmoja, kipya na sampuli yako, ili ulinganishe mwenyewe. Simu za picha zilipokuja, vijana walijaribu kumtumia picha. Alikuwa anazirudisha. "Picha haina unene," alisema. "Nipime nini hapo, kioo?"

Kupima kwenyewe alipima kwa kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili, ya zamani, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilikaa miezi mitatu nikiitazama kwa mbali. Marwa alipewa mkononi wiki ya pili. Mzee alimwambia tu, "Hebu nisomee hapa, mwanangu, macho yangu leo hayako sawa." Mwanangu! Mimi aliniita Makuru mpaka naondoka. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado najua Marwa alikuwa amevaa shati gani siku ile.

Nisiwe mchoyo kabisa. Kwa mzee yule nilijifunza mashine ya kukereza, na hapo ndipo nilipompita Marwa. Mkono wangu ulikuwa unatoa bushi, kile kipete cha kuziba nafasi kati ya vyuma viwili, imenyooka hata nikiwa nimekasirika. Mzee alikuwa anaiweka kwenye mwanga, anaizungusha, kisha anaiweka chini bila kusema neno. Sifa zake alikuwa amezimaliza kwa mwingine.

Tuliporudi Mugumu tulifanya kazi bega kwa bega miaka mingi. Mafunzo ya miaka hiyo mengine mnayajua. Viatu vya breki vikiisha hatukununua, tulivipigilia lainingi iliyokatwa kwenye lainingi ya gari. Sproketi ikiliwa meno, tulikata kitovu chake tukakichomelea kwenye pete ya sproketi ya Kichina. Sili ya oili tuliitafuta kwa vipimo vitatu, tundu la ndani, upana wa nje na unene, na nyingi tuliziokota kwa wauza pampu za maji. Waya wa klachi ulitengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli, ncha ikatiwa risasi, na Mchungaji mmoja wa Nyambureti alitembelea waya kama huo mpaka akahamishwa.

Tatizo lilikuwa Sirari, mpakani na Kenya. Mara ya kwanza nilienda kutafuta koili, nikavuka hadi Isebania, nikaingia duka lililopakwa rangi nzuri. Muuzaji aliitazama sampuli yangu kwa huruma, akaleta boksi jipya.

"Buda, hii ni ori kabisa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani mzee, hii ni halisi. "Hii utazeeka uiwache."

Koili ile ilifanya kazi siku nne, ikanyamaza, na mimi sikuwa nimezeeka. Wiki iliyofuata akaenda Marwa. Ana shangazi pande zote mbili za mpaka. Akarudi na koili iliyotumika, imefungwa kwenye gazeti, ya halisi, imetolewa kwenye pikipiki iliyokufa kwa ajali. Ile ilidumu. Somo mnaliona: iliyotumika ya kweli inaishinda mpya ya uongo. Nikalichukua somo, nikaenda tena Sirari kutafuta za ajali, nikauziwa kitu kilichojazwa lami. Somo lilikuwa sahihi, nilichokosa ni shangazi. Kila alipotumwa Marwa alirudi na kitu. Kila nilipotumwa mimi nilirudi na maelezo. Maofisa mifugo wakaanza kupita mezani kwangu na kumsubiri yeye hata akiwa amekwenda kula. Nilikuwa nawasalimia kwa meno yote, moyoni nikiwaombea pancha.

Ukafika mwaka ambao pistoni za zile nyekundu ziliadimika kabisa nchini. Ya kwanza kufa ilikuwa ya Ghati, afisa mifugo aliyekuwa anapeleka chanjo za ng'ombe Nyambureti. Mama Neema, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amepewa usimamizi, alituita ofisini.

"Wakubwa wanataka zote nane zipigwe mnada," alisema. "Nimewaomba wiki mbili. Mkiifufua ya Ghati kwa bei inayoeleweka, zinabaki zote na nyie mnabaki. Ikishindikana, nabaki na fundi mmoja wa kubadilisha oili."

"Fundi gani?" nikauliza.

"Atakayenionyesha kitu. Na akiifufua, huyo ndiye fundi mkuu. Makuru, anza wewe, wiki moja. Wiki ya pili Marwa."

Wiki yangu niliitumia yote. Nilienda Tarime, nikaenda Sirari, nikapiga simu Mwanza. Mwanza ilikuwepo moja tu, na kwa bei yake ungenunua ng'ombe. Nilipeleka sampuli kwa Mzee Salumu, akairudisha peke yake. Maana yake hakuna inayofanana. Ijumaa nikamwambia Mama Neema nimeshindwa, akasema, "Haya, pole. Tumwachie Marwa." Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujua jibu liko wapi.

Jumatatu Marwa akachukua pistoni ile ile iliyokufa. Akaiosha, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikamwambia Mzee alishairudisha. Akasema, "Najua, mura," ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana mwenzao, "naomba aitazame tena." Angekuwa mtu mwingine ningecheka. Lakini nilimjua mzee yule. Kwa "mwanangu" angepanda hadi darini, angefungua maboksi ambayo kwangu hakuyafungua. Nilikuwa na hakika kopo lile litarudi na pistoni, na mimi nitakuwa yule aliyeshindwa kitu kilichowezekana.

Saa saba mchana Marwa alienda kula kwa mama ntilie, akaniachia kopo nimpe kondakta. Alinipa kwa mikono miwili. Basi lilikuwa bado. Kwenye kasha la vyuma chakavu kulikuwa na pistoni kuukuu ya pikipiki ya Kihindi ya bodaboda mmoja, umbo karibu sawa na ile. Nikafungua kanga, nikatoa ya kwake nikaisukumia humo kashani, nikatia ile, nikafunga kama alivyofunga yeye. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Mzee atarudisha pistoni ya Kihindi, isiyoingia popote, na kila mtu atasema Marwa hajui hata sampuli yake mwenyewe. Kwamba tungekosa kazi, pengine wote wawili, nililifikiria. Nikaona ni afadhali. Hivyo ndivyo wivu ulivyokuwa umenifikisha, vijana, na sina maneno mazuri ya kuupamba.

Jumatano kopo likarudi. Ghati alikuwepo, ameegemea mlango, boksi lake la chanjo miguuni. Marwa akafungua kanga. Ndani zilikuwemo pistoni mbili, mpya inayong'aa na ile kuukuu niliyoitia mimi.

"Mura," akasema taratibu, "hii si yangu."

"Kondakta labda amechanganya," nikajibu haraka mno.

Akaniangalia. Akainuka, akaenda kwenye kasha la vyuma chakavu, akapekua kidogo, akarudi mikono mitupu. Nikashusha pumzi. Akakaa chini na pistoni ile mpya kwenye kiganja, akaigeuzageuza mpaka Ghati akauliza kama anasali. Kisha akaenda kuifuata kalipa ya karakana.

"Silinda ya Ghati imelika," akasema, akipima. "Hata tungepata pistoni ya kwake isingekaa, ingechezacheza. Hii ni pana kidogo. Tukiichonga silinda, inaingia." Akapima tena. "Pini yake ni nyembamba, tundu la konrodi inamopita ni kubwa. Hapo inahitajika bushi ya shaba, nyembamba sana." Akageuka. "Makuru, hiyo mimi siiwezi. Mkono huo unao wewe."

Nilisimama kwenye mashine ya kukereza na kipande cha shaba, na nawaapia nilidhamiria kuiharibu. Nusu ya unywele ingetosha. Lakini mkono ulikataa. Nilipoanza kuona shaba inavyotoka nyuzi nyembamba za dhahabu, nilisahau ni ya nani. Bushi ilipomalizika ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikachonga na silinda. Marwa akafunga, akaona kichwa cha pistoni kinapanda juu kidogo, akaweka gasketi mbili badala ya moja. Alhamisi mchana akapiga kiki. Ya tatu ikawaka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia, ikaunguruma kama ilivyokuwa inaunguruma nilipofika mara ya kwanza.

Ghati aliipanda akaenda Nyambureti na kurudi siku ile ile. Aliposhuka alimkumbatia Marwa, akanipa mimi mkono. Bei ya ile pistoni ilikuwa kama ya majogoo wawili. Wakubwa wakafuta mnada, zote nane zikabaki, sote tukabaki, na Marwa akawa fundi mkuu.

Habari ilienda mbio kuliko pikipiki yenyewe. Waliokuwa wameziacha nyekundu zao kwenye mabanda ya kuku wakaanza kuzitoa. Mafundi walikuja toka Tarime, wengine toka ng'ambo ya Isebania, kuuliza. Mzee Salumu ndiye aliyeitangaza zaidi ya wote. Alikaa dukani akisimulia, "Marwa akaniletea sampuli ya Kihindi. Nikashangaa, huyu ana pikipiki ya Kijapani! Kumbe mwanangu alishafikiria mbele." Siku moja alinisimulia mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na nikaitikia, "Ee, Mzee, ana akili." Ilibidi nitoke nje nikasimame kwenye jua. Mzee alifariki akiamini hivyo, na nilibeba jeneza lake upande mmoja, Marwa upande wa pili.

Wazo lile lilitoka mkononi mwangu. Lilitoka kwa ubaya, lakini lilitoka kwangu. Na bushi ni yangu. Ningesema lini? Kulidai wazo ni kukiri hila, na kukiri hila ni kufukuzwa. Kwa hiyo nilinyamaza miaka yote hiyo, nikichonga bushi za pistoni ya Marwa, kwa mamia, kila moja imenyooka.

Marwa alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, akarudi kwao, karibu na Sirari. Mama Neema aliponiomba kuandika, niliona siwezi kuandika nyuma ya mgongo wake. Wiki iliyopita nikapanda basi nikaenda. Nilimkuta uwanjani anapukuchua mahindi, amezeeka vizuri, hata hilo nikaliona. Mke wake akatuletea chai.

"Marwa," nikasema, "ile sampuli ya kopo la maziwa niliibadilisha mimi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumatano ile. Pistoni yangu niliiona kwenye kasha, iko juu juu. Hata kuificha hukuificha vizuri."

"Mbona hukusema?"

Akakoroga chai yake. "Ningesema, Mama Neema angekufukuza. Ulikuwa na watoto wadogo."

Nikainamisha kichwa. Na humo humo kwenye aibu, wivu ukanyanyua shingo: hata kwa wema alikuwa ananizidi. Nikamwambia sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, nataka kuwaandikia vijana yote jinsi yalivyokuwa.

Akaacha kukoroga. "Uandike nini?"

"Kwamba pistoni ile niliichagua mimi."

"Mura, wewe ulitaka kuniharibia."

"Ndiyo. Na nitaandika hivyo. Lakini niliichagua mimi."

"Uliiokota! Mwenye kuona kwamba inaingia ni nani?"

"Na bushi?"

Kuku waliingia kwenye mahindi na hakuwafukuza. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, mke wake asisikie, "Bushi andika ni yako, sikatai. Ile pistoni niachie. Hapa mpakani watoto hawajui hata jina la baba yangu, wananijua kwa hiyo pistoni."

"Kumbe ndiyo sababu hukusema."

"Na hiyo pia," akasema.

Nikamwambia nitafikiria. Alinisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa ananitazama kwa pembeni, anipime nitaandika au sitaandika. Jicho lile nalijua, nimeishi nalo tangu siku ya kalipa. Kwake sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo. Basi la kwanza lilipokuja nikasema limejaa, ingawa viti niliviona, tukasimama pale pamoja tukisubiri la pili.